WALANGUZI WASIACHIWE JIONI NA LIKIZO ZA WATOTO

Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliishutumu elimu iliyorithiwa kwa wakoloni kwa mambo ambayo kila mwalimu wa nchi hii amepata kuyasoma chuoni. Ilikuwa elimu ya wachache. Iliwatenga watoto na jamii iliyowazaa. Iliwafundisha kuamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na vichwani mwa waliosoma, na kwamba mzee asiyejua kusoma hana la kumfundisha mtu. Tangu siku hizo, Chama na Serikali vimepigana vita virefu ili elimu iwe haki ya wote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2001 ulifuta ada katika shule za msingi za Serikali. Mwaka 2016 msamaha huo ulifika hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ukafika kidato cha sita. Hizo ni hatua ambazo hapana mtu mwenye haki anayeweza kuzibeza.

Lakini liko eneo moja la maisha ya mtoto ambalo maadili hayo hayajafika. Eneo hilo ni saa za baada ya kengele ya mwisho ya shule, na wiki za likizo. Huko hakuna Azimio wala Elimu ya Kujitegemea. Huko imebaki sheria moja tu, nayo ni ya soko: mwenye fedha hufundishwa, asiye nazo huangalia dirishani. Ada iliyofukuzwa mlangoni imerudi kwa kupitia uani, nayo imevaa jina la tuisheni.

HESABU

Yafaa jambo hili litazamwe kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku 194. Mwaka wa kalenda una siku 365. Maana yake ni kwamba kwa siku 171 mtoto hakanyagi darasani kabisa. Hata katika zile siku 194, alasiri inapoingia mtoto amekwisha kuachiliwa, na jua bado liko juu. Ukijumlisha alasiri hizo, na Jumamosi, na likizo za Juni na Desemba, utaona kwamba sehemu kubwa zaidi ya muda ambao mtoto yu macho haimo mikononi mwa shule.

Muda huo haukai bure. Mtoto wa mtu mwenye uwezo mjini huutumia kwa mwalimu wa nyumbani, vitabu vya hadithi, na kambi ya likizo yenye michezo na muziki. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mama lishe huutumia kuteka maji, kulea wadogo zake, kuchunga, kuuza karanga stendi, au kuzurura. Kazi ya nyumbani si aibu, na Elimu ya Kujitegemea haikupata kuitukana jembe wala ndoo. Aibu ni kwamba mmoja anarudi shuleni Januari akiwa amepanda ngazi mbili, na mwingine anarudi akiwa ameshuka moja, kisha wote wawili wanapewa karatasi moja ya mtihani na kuambiwa kwamba aliyeshinda ameshinda kwa akili zake.

Hayo hayaonekani Tanzania peke yake. Nchini Marekani, mwaka 1996, Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya likizo ndefu za kiangazi, wakaona kwamba kwa wastani watoto hurudi wakiwa wamepoteza maarifa ya kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwamba katika kusoma wanaoumia ni watoto wa maskini. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa hasara hiyo na namna ya kuipima. Lakini mwalimu wa darasa la pili hahitaji ubishi wa wataalamu. Kila mwezi wa Julai huwaona mwenyewe watoto waliosahau herufi alizowafundisha Mei.

WALANGUZI

Pengo hilo la muda ndilo walanguzi wa elimu waliloliona mapema kuliko wapangaji wa elimu. Mark Bray, mtaalamu aliyeandika juu ya jambo hili kwa ajili ya UNESCO mwaka 1999, aliiita tuisheni elimu ya kivuli, kwa kuwa hufuata umbo la shule popote inapokwenda. Mfano huo ni mzuri, ila kivuli cha kawaida hakimli mwenye mwili. Kivuli hiki humla.

Mwenendo wake unajulikana na kila mzazi. Asubuhi mada hufundishwa nusu. Sehemu ngumu, ile inayokuja katika mtihani, huachwa "kwa baadaye". Baadaye yenyewe ni saa kumi jioni, katika darasa lile lile, mbele ya ubao ule ule, kwa chaki ile ile iliyonunuliwa na umma, lakini sasa mlangoni yupo mtu mwenye daftari la majina ya waliolipa. Mtoto asiyelipa huondoka mbele ya wenzake. Kesho yake asubuhi akiuliza swali juu ya lililofundishwa jana jioni, huambiwa kwamba hilo limekwisha kupita. Hivyo mwalimu, ambaye mshahara wake unalipwa kwa kodi ya mkulima, anamuuzia mkulima huyo huyo kitu ambacho mkulima amekwisha kukilipia. Katika biashara ya sukari na sabuni kitendo hicho huitwa ulanguzi. Hapana sababu ya kukipa jina la adabu zaidi kwa kuwa bidhaa yake ni somo la hisabati.

Haki idai isemwe pia kwamba walimu wa namna hiyo si wote. Wapo walimu, nao ni wengi, ambao kwa miaka mingi wamebaki shuleni jioni na watoto wazito bila kudai senti, na wapo wanaowalisha watoto hao kutoka katika vyungu vyao. Wapo pia waliosukumwa katika tuisheni na ukali wa maisha. Lakini ugumu wa maisha ya mwalimu hutatuliwa na mwajiri wake, kwa mshahara, nyumba na kupandishwa daraja kwa wakati. Hautatuliwi kwa kumtoza mtoto wa mwenzake ambaye maisha yake ni magumu zaidi.

WATEJA

Hata hivyo, uovu mkubwa wa tuisheni hauko katika fedha peke yake. Uko katika kuchagua nani afundishwe na afundishwe nini. Soko halina budi kutafuta mteja, na mteja wa tuisheni ni mzazi wa mtoto anayekaribia mtihani: darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili, kidato cha nne. Na kinachouzwa ni mitihani ya miaka iliyopita, inayorudiwa hadi mtoto akariri majibu kama kasuku.

Basi ni nani mwenye kumfungulia darasa la jioni mtoto wa darasa la tatu asiyejua kuunganisha silabi? Huyo hana mtihani wa kesho, mzazi wake hana wasiwasi wa kesho, na mara nyingi mzazi huyo hajui hata kwamba mtoto hajui, kwa sababu daftari limejaa maneno yaliyonakiliwa ubaoni kwa mwandiko mzuri. Huyo si mteja wa mtu yeyote. Kumbe huyo ndiye mwenye shida kuliko wote. Mwaka 2010 watu wa kujitolea wa mpango wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa hadithi fupi za kiwango cha darasa la pili. Walikuta kwamba katika watoto wa darasa la tatu, chini ya nusu ndio walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Kiswahili, wala si Kiingereza! Ni kweli kwamba mwaka 2015 Serikali ilianzisha mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili unaotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini katika darasa lenye watoto mia moja na mwalimu mmoja, hapana mtaala unaoweza kumfikia kila aliyeachwa nyuma. Huyo atafikiwa jioni na likizo, au hatafikiwa kabisa.

MARUFUKU

Wapo wasemao kwamba dawa ya haya yote ni marufuku. Marufuku zimekwisha tolewa mara nyingi, kwa waraka, kwa hotuba na kwa vitisho. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na mwenye kuvunja sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za nchi hiyo, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na bado masomo hayo yameendelea huko, yakibadili jina na kuhamia mahali pengine.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Marufuku hufunga mlango wa darasa, lakini haifungi hofu ya mzazi. Mzazi mwenye fedha atamwita mwalimu sebuleni kwake, ambako mkaguzi haingii. Anayebaki bila kitu ni yule yule aliyekuwa hana kitu. Marufuku bila badala yake ni sawa na kumnyang'anya mlevi chupa na kuacha kisima cha pombe wazi uani. Mwalimu anayemuuzia mwanafunzi wake mwenyewe somo aadhibiwe, na aadhibiwe kweli. Lakini adhabu hiyo itakuwa na maana siku ile umma utakapokuwa umeweka kitu bora mahali pa kile ulichokiondoa.

KUMBUKUMBU

Na hapa ndipo inapostaajabisha jinsi baadhi ya watumishi wa umma walivyo wepesi wa kusahau. Wanapoambiwa kwamba Taifa linaweza kuandaa mafunzo ya jioni na ya likizo kwa watoto wote, hutikisa kichwa na kusema kwamba jambo hilo ni la nchi tajiri. Wanasema hivyo katika nchi ambayo imekwisha kulifanya, tena kwa watu wazima, ambao ni wagumu kufundishwa kuliko watoto.

Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, katika maghala, misikitini na makanisani, viwandani na katika ofisi za Chama. Saa zilikuwa za jioni, baada ya shamba na baada ya zamu. Waliofundisha walikuwa walimu wa shule za msingi, na pamoja nao vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, mabwana shamba na wauguzi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa ajili ya kampeni hiyo moja, viongozi wa vikundi kiasi cha 75,000 walifundishwa kwa muda mfupi, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya na kutoka wilaya hadi kata, wakapewa vitabu vyepesi, wakasaidiwa na vipindi vya redio, na watu kiasi cha milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza, kujadili, na kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kufikia mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika kila 100.

Basi Taifa ambalo redio yake ilikuwa ya betri na magari yake ya wilaya yalihesabika kwa vidole liliweza kuwapa ujuzi watu 75,000 kwa kazi moja. Leo, lenye vyuo vikuu, simu katika kila kijiji na maelfu ya vijana waliohitimu ualimu wakisubiri ajira, linaambiwa kwamba haliwezi kumpata mtu wa kumsomea mtoto hadithi saa kumi jioni!

Lakini kumbukumbu isiwe ya kujisifu tu. Juhudi zile baadaye zilififia, na sababu zake zinajulikana. Hali ya uchumi ilipoharibika mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, posho ndogo ya walimu wa madarasa ya jioni ikachelewa, kisha ikakatika. Vitabu vya wanaojiendeleza vikaisha. Mafunzo ya kuwakumbusha viongozi yakakoma. Wimbo ulibaki, ngoma ikanyamaza. Fundisho lake ni wazi. Ari huanzisha jambo, lakini kinacholidumisha ni mafunzo yasiyokatika, posho inayofika, na mtu wa kulisimamia ambaye anaulizwa.

UJUZI

Liko kosa jingine ambalo halina budi kukemewa mapema, maana ndilo litakaloua mpango huu kama utaanzishwa ovyo. Nalo ni kudhani kwamba mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kufundisha kusoma, na kwamba mafunzo ya jioni ni kurudia jioni yale yaliyomshinda mtoto asubuhi. Mtoto ambaye hakuelewa kwa saa sita za ubaoni hataelewa kwa kuongezewa ya saba.

India imetoa mafundisho mawili juu ya hili ambayo kila Afisa Elimu Kata angefaa kuyajua. La kwanza ni la wilaya ya Jaunpur, katika jimbo la Uttar Pradesh, ambako mwaka 2005 na 2006 shirika la Pratham liliwapa vijana wa vijijini mafunzo mafupi, nao wakawafundisha watoto kusoma nje ya saa za shule. Watoto waliohudhuria walisonga mbele waziwazi, hasa wale ambao hawakujua hata herufi. Lakini waliohudhuria walikuwa wachache, kwa kuwa kuhudhuria kuliachiwa hiari ya kila nyumba. La pili ni la jimbo la Bihar, ambako Juni 2008, wakati wa likizo, walimu wa Serikali wenyewe waliendesha kambi za mwezi mmoja kwa watoto wazito, wakitumia njia ile ile rahisi, na watoto wakasoma vizuri zaidi. Ila katika jimbo hilo hilo, walimu walipopewa vitabu na mafunzo tu wakati wa muhula wa kawaida, mabadiliko hayakuonekana. Walikuwa na ujuzi, lakini muhtasari na desturi ya shule viliwavuta kurudi kwenye mwendo wa zamani. Kwa hiyo mwalimu wa Serikali si kikwazo. Akipewa kazi iliyo wazi, njia inayofaa na muda usioingiliwa, anaweza. Zambia nayo ilianza kuijaribu njia hiyo mwaka 2016, kwa jina la Catch Up, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano.

Njia yenyewe haina uchawi. Kila mtoto hupimwa peke yake kwa dakika chache: je, anatambua herufi, anasoma neno, anasoma aya, anasoma hadithi? Kisha watoto hupangwa kwa kadiri ya wanachokijua, bila kutazama darasa wanalotoka, hata kama wa darasa la tano atakaa na wa darasa la tatu. Kila kundi hupewa kazi yake: kadi za silabi kwa hili, hadithi fupi kwa lile, mawe na vijiti vya kuhesabia kwa jingine. Watoto huzungumza zaidi kuliko mwalimu. Baada ya wiki kadhaa hupimwa tena, na anayevuka huhamishwa.

Lakini wepesi wa njia usimdanganye mtu. Kumpima mtoto bila kumtisha ni ujuzi. Kuendesha makundi manne chini ya mwembe mmoja bila fimbo ni ujuzi. Kusimulia hadithi hata mtoto aombe kitabu ni ujuzi, na wapo bibi vijijini wanaoushinda chuo kizima kwa huo. Kuweka daftari la mahudhurio linaloonyesha ukweli, badala ya linalomfurahisha mkaguzi, ni ujuzi. Na zaidi ya yote, kumlinda mtoto, hasa msichana, asidhuriwe na mtu mzima aliyekabidhiwa kwake, ni jambo linalotaka kanuni, mafunzo na usimamizi, wala si maombi tu. Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku moja hotelini yenye bahasha na picha ya pamoja. Hupatikana kwa mafunzo mafupi yanayorudiwa, mtu akiwa kazini, akitembelewa na mwenye kujua zaidi na kusahihishwa mbele ya watoto wake. Mahali pa kufanyia hayo pamekwisha kuwapo. Vituo vya Walimu vipo, ingawa vingine vimegeuzwa stoo za madawati mabovu. Jumuiya za Kujifunza zipo chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kinachokosekana ni amri ya kuzitumia kwa kazi hii.

MSAADA

Mpango wa namna hii hauwezi kusimama juu ya mwalimu mkuu peke yake. Kijiji kizima hakina budi kuwa nyuma yake, na msaada wa kijiji haupatikani kwa barua ya kuagiza michango. Hupatikana pale wazazi wanapoonyeshwa ukweli. Siku kamati ya shule itakapoitisha mkutano, na mbele ya wazazi watoto wakasomeshwa hadithi moja fupi, na wazazi wakaona kwa macho yao nani anaweza na nani hawezi, siku hiyo hapatahitajika hotuba ndefu.

Ratiba ipangwe na wananchi wenyewe. Likizo ya Juni katika sehemu nyingi huangukia mavuno, na mpango unaomwita mtoto saa ambazo familia nzima iko shambani utashindwa, na utastahili kushindwa. Asubuhi shamba, alasiri hadithi. Jambo hilo lawezekana. Chakula kifikiriwe kabla ya vitabu, maana mtoto aliyekula mara ya mwisho jana usiku hajifunzi saa tisa alasiri. Debe la mahindi kwa kila nyumba baada ya mavuno, likisimamiwa kwa daftari lililo wazi, ni uji wa miezi mingi. Msichana arudi nyumbani kabla ya giza. Mtoto mlemavu asisahauliwe. Na watu wa kufundisha wachukuliwe kutoka miongoni mwa wale waliohitimu ualimu na kukaa bila kazi, wanafunzi wa vyuo walio likizo, na wastaafu, kwa posho ndogo inayolipwa na halmashauri kwa tarehe inayojulikana. Kumwita kijana kujitolea miezi sita bila hata nauli si ujamaa. Ni unyonyaji uliovikwa maneno mazuri.

Halmashauri zitasema hazina fedha. Yafaa ziulizwe zimekwisha tumia kiasi gani kwa semina, kwa sherehe za kilele na kwa mafuta ya misafara. Yafaa pia zikumbushwe kwamba fedha za masomo ya ziada zipo na zinatoka kila siku, zikitoka mifukoni mwa wazazi na kuingia mifukoni mwa walanguzi.

KUPUMZIKA

Wapo wengine wasemao, kwa nia njema, kwamba watoto wanataka kupumzika. Hao wasikilizwe, maana wamesema kweli nusu. Kambi za darasa la saba zinazowalaza watoto sakafuni na kuwaamsha alfajiri kukariri majibu ni ukatili, hata kama shule ikipata wastani mzuri. Mafunzo ya alasiri na ya likizo yasiwe shule nyingine juu ya shule. Yawe na ngoma, mpira, bao, bustani, ufundi wa seremala na wa ushonaji, na wazee wa kusimulia historia ya mahali pale. Yachukue saa mbili, si kutwa. Mtoto akirudi nyumbani akiimba, atakuwa amepumzika na amejifunza. Hiyo ndiyo elimu iliyokusudiwa na andiko la 1967, isiyomtenga mtoto na watu wake.

WAJIBU

Lililobaki ni neno kwa watumishi wa umma wenyewe. Wapo miongoni mwao ambao asubuhi huandika waraka wa kukataza tuisheni, na jioni humlipa mwalimu wa tuisheni sebuleni mwao. Hao hawawezi kuona dharura ya jambo hili, kwa kuwa watoto wao wamekwisha vuka mto, na aliyevuka hauogopi mto. Lakini utumishi wa umma haukuundwa kwa ajili ya watoto wa watumishi. Afisa anayejua kwamba shule za kata yake zina watoto wa darasa la nne wasiosoma, na ambaye mwaka unapita bila kuwafungulia hata darasa moja la alasiri, ameshindwa kazi yake, hata kama taarifa zake zote zimefika kwa wakati.

Kila wilaya inaweza kuanza na kata moja. Kila kata inaweza kuanza na shule moja, mwembe mmoja, watu watano waliofundishwa vizuri, na daftari moja la kupima ukweli. Baada ya likizo moja matokeo yataonekana, nayo yatabishana na wenye mashaka kuliko hotuba yoyote. Ujinga ulitangazwa kuwa adui wa Taifa hili tangu uhuru, pamoja na maradhi na umaskini, nao hauendi likizo Juni wala haulali saa tisa alasiri. Wanaolipwa kupigana nao hawana budi kuwapo saa hizo.